Bunduki Arobaini na Moja za Ngoitiko

Kabla gari la Wazito halijafika Lugundi, kituo chetu cha polisi kilikuwa na askari watatu, baiskeli mbili na bunduki moja. Bunduki ilifungiwa kabatini, na ufunguo wa kabati alikaa nao mke wa Sajenti Yeremia, maana Sajenti mwenyewe alikuwa msahaulifu wa funguo. Kwa hiyo jambazi aliyetaka kupigwa risasi Lugundi ilimbidi asubiri mama atoke shambani. Hakuna aliyewahi kusubiri.

Kazi ilifanyika kwa maneno. Sajenti akimtaka mtu alituma salamu: mwambieni fulani namhitaji Jumanne, baada ya soko. Jumanne mtu anakuja, ameoga, amevaa shati la kanisani au kanzu ya Ijumaa, anakaa kwenye benchi la barazani kusubiri zamu yake ya kukamatwa. Wapo waliotoroka, sikatai. Lakini walitoroka polepole, na wengi wao waliaga.

Kwenye benchi hilo hilo, kila asubuhi, ungemkuta koplo mstaafu Cleopa Masingisa. Serikali ilimstaafisha mwaka themanini na tisa. Yeye hakuistaafu serikali. Saa mbili kamili alikuwa ameshafika, kikombe chake cha bati mkononi, anatoa ripoti ya kijiji ambayo hakuna aliyemtuma kuileta. Ni yeye aliyewahi kumkamata kiboko wa Mto Mkondoa kwa kosa la kula mihogo ya mjane, akamtembeza mpaka kituoni, na mke wa kiboko akaja kumwekea dhamana. Ni yeye aliyewapigia filimbi tembo wa Mikumi wakajipanga, wadogo mbele, wakavuka barabara kuu bila hata mmoja kukanyaga mstari mweupe.

Sajenti Yeremia alisikiliza yote. Alikuwa na kanuni yake, haikuandikwa katika kitabu chochote cha polisi: maneno ya Cleopa gawanya kwa kumi, kisha nenda ukaone mwenyewe. Lugundi nzima tuliijua hesabu hiyo. Cleopa akisema wezi ishirini wamevamia ghala la pamba, Sajenti alichukua kirungu chake, akaenda peke yake kwa miguu, akakuta walevi wawili wamelala juu ya magunia. Na kweli ghala lilikuwa limeachwa wazi. Ndani ya kila uongo wa Cleopa palikuwa na punje moja ya kweli, na Sajenti alikuwa na subira ya kuipepeta.

Ndivyo tulivyoishi. Sasa nieleze walivyokuja Wazito.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Malori yakawa yanapita Mikumi mchana kutwa, yamebeba redio, vitenge, matairi, mitumba na vitanda vya chuma. Penye mali hapakosi macho. Wakatokea watu wa kulaza magogo barabarani katikati ya hifadhi, basi likisimama wanawavua abiria mpaka viatu. Wakubwa wakaunda kikosi cha kupambana nao. Kikosi chenyewe kilikuwa na jina refu la ofisini, sisi tulikiita Wazito, na kambi yao ilikuwa nje kidogo ya Mikumi.

Majambazi hawakudumu. Wengine walikamatwa, wengine walihamia barabara nyingine, na wengine, kwa ripoti ya Cleopa, waliliwa na simba, na simba mmoja alionekana baadaye akiwa na saa ya mkononi. Baada ya miezi michache barabara ilitulia kabisa. Lakini kikosi kilibaki pale pale, pamoja na gari lake na vifaa vyake. Mbwa aliyefundishwa kuwinda, siku swala wakiisha, hukaa akimtazama mbuzi wa nyumbani kwa jicho lingine.

Habari zikaanza kupanda kutoka Kidodi. Dereva wa lori la miwa alisimamishwa kwa sababu taa ya nyuma haikuwaka. Zamani angeambiwa, baba, kesho uje na taa. Safari hii alishushwa, akalazwa kifudifudi juu ya lami ya saa saba mchana, mguu wa buti shingoni, bunduki tatu zinamtazama kisogo. Kisha wakamwachia aende. Dereva alisema maumivu ya lami yalikwisha jioni ile ile. Kilichobaki ni kwamba hakujua ni nani aliyemfanyia hivyo. Walikuwa wamefunika nyuso kwa vitambaa vyeusi. Huwezi kusema huyu ni mtoto wa fulani, nitakwenda kwa baba yake.

Mwezi wa sita wa mwaka tisini na sita, shule zilipofungwa, gari lile lilifika Lugundi. Lilikuwa la kijani iliyokolea, madirisha yamefunikwa wavu wa chuma, na lilikuwa zito kiasi kwamba daraja letu la magogo lililia siku nzima baada ya kupitwa. Likaegeshwa kwenye uwanja wa mpira wa shule. Wakashuka wanaume ishirini na sita wenye helmeti na fulana nene za kuzuia risasi. Watoto waliokwenda kuwatazama walirudi upesi, na hawakuigiza walichokiona, jambo ambalo si la kawaida kwa watoto wa Lugundi.

Bahati mbaya Sajenti Yeremia hakuwapo. Alikuwa Berega, hospitali, amepasuliwa ngiri, na walimwambia asirudi kabla ya wiki mbili kwisha.

Kwa hiyo siku ya Jumatatu ya kwanza, kiongozi wa Wazito, Inspekta Onesphory, alipofika kituoni, mtu aliyemkuta kwenye benchi ni Cleopa. Nisimsingizie Inspekta: alikuwa mtu wa adabu. Alivua kofia, akasema shikamoo mzee, akaitikiwa marahaba, akakaa. Gaudiosa, mama wa chai anayepika ng'ambo ya kituo, akaleta birika na vitumbua. Yule Inspekta alikuwa na miaka thelathini na kidogo, ndevu zimenyolewa mpaka ngozi inang'aa, na alikuwa ametoka masomoni Marekani.

Akasimulia Marekani yake kama mtu anayesimulia harusi. Alikaa miezi minne katika mji mdogo, mwalimu wake akiwa askari mzee aliyekaribia kustaafu. Mwalimu huyo alianza kazi kwa kutembea kwa miguu katika mtaa mmoja tu, ana kirungu na filimbi, anajua nyumba ipi mume anampiga mke na mbwa yupi anauma. Kisha wakapewa magari, wakapandisha vioo. Kisha miji mikubwa ikawaka moto wa fujo, na wakubwa wakaogopa. Kisha ikatangazwa vita dhidi ya dawa za kulevya, na mtu akishaambiwa yuko vitani, huanza kuomba zana za vita. Jeshi lao lilikuwa na masalio, likagawa. Mji ule, ambao kesi kubwa ya mwaka ilikuwa wizi wa mashine ya kukatia majani, ukapata gari la chuma. Na gari la chuma haliwezi kukaa tu. Wakaanza kulipeleka kupekua nyumba za watu, alfajiri, bila kubisha hodi, mlango unavunjwa kwanza halafu ndipo jina linaulizwa.

"Mwalimu aliniambia, tangu tupate lile gari hatujapigwa hata jiwe," Inspekta alisema. "Na hakuna anayetusalimia."

Nusu ya kwanza aliisema kwa fahari. Nusu ya pili aliitema kama ganda la muwa.

Gaudiosa anasema alimwona Cleopa akinyong'onyea. Yuko kwenye benchi lake mwenyewe, na mtu ana simulizi ndefu kuliko zake, tena ya kweli. Hakuna tusi kubwa zaidi kwa msimuliaji. Akanywa chai, akapangusa mdomo, akasema hayo ya Marekani ni mazuri, lakini hata sisi hapa si haba. Kisha akamshushia Inspekta habari za boma la Ngoitiko.

Ngoitiko alikuwa mzee wa Kimasai, boma lake liko mwendo wa saa moja kwa baiskeli, kwenye mbuga kuelekea Msowero. Alikuwa rafiki wa Cleopa wa miaka ishirini. Walikuwa wakichekana hadharani, huyu anamwita mwenzake mla majani, huyu anamwita mwenzake mnywa damu. Ndiyo maana jina lake lilikuwa karibu na ulimi. Cleopa alisema boma lile lina bunduki zilizofungwa kwenye ngozi za ng'ombe, zimefukiwa ardhini, kwenye zizi la ndama na nje kidogo ya lango, majani yameachwa yaote juu. Morani wanazifukua jua likielekea kuzama, wanafanya gwaride, wanazifukia tena. Inspekta aliuliza ni ngapi. Cleopa akasema arobaini.

Mtu wa Lugundi hapo angecheka na kuomba kitumbua kingine. Inspekta hakucheka. Alitoa daftari dogo mfukoni.

Gaudiosa alikuwa anapita na birika. Alikuwa na desturi, kama sisi sote, ya kumchochea mzee ili uongo unenepe. "Baba Cleopa," alisema, "na ile inayobebwa na punda umeisahau?"

"Arobaini na moja," Cleopa alisema. "Nakushukuru, mama."

Inspekta akamtazama Gaudiosa, akamwuliza jina lake kamili, akaliandika nalo.

Punje ya kweli katika habari hiyo ilikuwa hii: Ngoitiko alirithi kwa baba yake gobore moja la kufukuzia fisi. Halikuwa na kifyatulio tangu mwaka wa njaa, na mke wake, mama Lilian, alilitundika ukutani na kuangikia vibuyu vya maziwa. Bunduki arobaini na moja, ukigawanya kwa kumi, bado ni nyingi mno. Lakini Wazito hawakuwa wenyeji. Hesabu yetu hawakuijua.

Jumatano alasiri Gaudiosa alikwenda nyumbani kwa Cleopa, na hakukaa alipokaribishwa. Wazito walikuwa wameagiza chai na viazi kwa watu ishirini na sita, kesho, kabla jua halijachomoza. Na walikuwa wamemwuliza, kwa upole, njia ya kwenda kwa Ngoitiko inapitika kwa gari zito? Alipojaribu kusema kwamba ile ya punda ilikuwa utani, walimwambia asiogope, atalindwa.

Cleopa hakumaliza kufunga kamba za viatu. Alikwenda uwanja wa shule hivyo hivyo, kamba zikiburuzika vumbini. Wazito walikuwa wanasafisha silaha kwenye madawati ya darasa la pili waliyoyatoa nje. Inspekta alimpokea vizuri, akampa dawati akalie.

"Ile habari niliitunga," Cleopa alisema. "Hakuna bunduki kule. Kuna gobore moja bovu."

"Nani amekutisha, mzee?"

"Hakuna aliyenitisha."

"Juzi ulizungumza bila jasho. Leo unalo."

"Ninalo kwa sababu mnakwenda kule na vitu hivi." Akaonyesha madawati. "Waulize watu. Mimi ni mwongo. Ninajulikana mpaka Kilosa kwa uongo."

"Mwongo hatembei akitangaza," Inspekta alisema, na sauti yake ilikuwa ya huruma kabisa. "Habari yako ina mashahidi wawili, mzee wangu. Na yule mama naye amekana, kama wewe, kwa maneno yale yale. Watu wawili hawageuki siku moja bila mtu wa tatu kuwageuza."

Cleopa akamsihi angalau amsubiri Sajenti Yeremia. Inspekta akasema Sajenti amekaa hapa miaka kumi na saba bila kuziona bunduki arobaini na moja, kwa hiyo akirudi na yeye ataulizwa maswali. Taarifa ilishapelekwa kwa redio mpaka Mikumi, na Mikumi wameshaipeleka juu. Ikishapanda, hairudi kwa sababu mzee mmoja ameota ndoto mbaya.

Tulimwona Cleopa akitoka pale. Alipita katikati ya soko, watu wakamwita kama kawaida, mzee leo umemkamata nani? Alichukua baiskeli, akavaa koti lake la zamani la polisi lenye vifungo viwili vilivyobaki, akaelekea mbugani.

Alifika ng'ombe wakirudi. Alimchukua Ngoitiko kando, nyuma ya ua wa miiba, akamwambia yote, bila kupunguza wala kuongeza, na kwa Cleopa hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko ile baiskeli. Ngoitiko alianza kwa kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, arobaini na moja, akasema, na moja ya punda. Kisha akaona rafiki yake hacheki, akajua.

Cleopa alimwomba awahamishe watu wote ng'ambo ya mto usiku haujaingia. Ngoitiko akasema ana ndama kumi na watatu ambao hawajafikisha mwezi, mto bado una maji ya masika, hawatavuka. Na hata wangevuka, alisema, mtu akiikimbia nyumba isiyo na kitu, ameiwekea kitu. Wakikuta boma tupu watasema tumeondoka nazo, na watatufuata hadi mwisho wa majani.

"Basi wakukute na mikono mitupu," Cleopa alisema. "Mikuki, sime, marungu, hata fimbo. Vyote viwekwe ndani. Mimi nawajua polisi."

Ngoitiko alisitasita kwenye fimbo. Mzee wa Kimasai bila fimbo hajui mikono yake aiweke wapi. Ndiyo anayoegemea akizungumza, ndiyo anayoinyoosha akitaka kusikilizwa. Lakini Cleopa alikuwa amevaa koti la polisi, na alizungumza kama mtu anayejua, na mwisho Ngoitiko alikubali. Aliweka sharti moja. Vijana wasiambiwe ni nani aliyeleta maneno haya, hasa Saning'o, mwanawe mkubwa.

"Akijua ni wewe," alisema, "kesho nitakuwa na vita viwili."

Cleopa alilala pale, ndani ya nyumba ya rafiki yake, chini ya lile gobore na vibuyu vyake. Kulipokucha, jua likiwa limeshatoka kwenye milima, walilisikia gari kabla ya kuliona. Ng'ombe walilisikia mapema zaidi. Walikuwa wamegeuza vichwa vyote upande mmoja.

Wazee saba walitoka wakasimama nje ya lango, Ngoitiko katikati, Cleopa pembeni yake kulia. Wanawake, watoto na vijana walikuwa ndani. Mikono ya wazee ilikuwa mitupu kama ilivyopangwa, na ilining'inia vibaya, kama mikono ya watu walioazimwa nguo. Gari lilisimama hatua themanini hivi kutoka langoni. Hakushuka mtu wa kusalimia. Walimwagika kwa nyuma, wakatawanyika kwenye majani, wakapiga goti. Kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari kikasema laleni chini, kifudifudi, mikono mbele.

Cleopa aliinua mikono juu, maana aliwahi kufundishwa. Akapaza sauti kwamba yeye ni Koplo Masingisa, na kwamba watu hawa hawana kitu. Kipaza sauti kikarudia maneno yale yale. Kilikuwa na nguvu kuliko yeye.

Walisikia vizuri wote, na walielewa. Lakini mzee hawezi kulala kifudifudi mbele ya wake zake na wajukuu zake kama ngozi iliyoanikwa. Alichoweza Ngoitiko ni kutoa kilicho kikubwa kuliko hicho. Kwao, anayetaka ugomvi ukome huchuma majani na kuyanyoosha mbele. Majani ndiyo Mungu anayowalishia ng'ombe, na hakuna anayempiga mwenye majani mkononi. Hata mtoto anayechapwa na baba yake, akiwahi kung'oa majani, fimbo husimama hewani. Siku ya kawaida Ngoitiko angeinyoosha fimbo yake kwanza, angeomba kusikilizwa, angezungumza. Siku hiyo hakuwa nayo. Akainama. Na wazee sita, walipomwona mkubwa wao ameinama, wakainama naye kwa mara moja, kama watu waliokubaliana.

Ni Cleopa peke yake aliyeyajua mambo yote mawili: anajua Mmasai anainamia nini, na anajua daftari la Inspekta linasema nini kimefukiwa nje kidogo ya lango, chini ya majani. Alifungua mdomo. Anasema alikuwa na neno moja tu la kusema na hakulipata. Yeye, aliyekuwa na neno kwa kila kitu, hata kwa kiboko.

Wazito walipiga. Ni nani aliyeanza haijulikani mpaka leo. Haikuwa muda mrefu, labda kama kuhesabu hadi tano. Mzee mmoja alipata risasi ya paja. Ngoitiko alianguka mbele, akalala kifudifudi, mikono mbele, kama kipaza sauti kilivyotaka.

Majani yalikuwa kiganjani mwake, na mizizi yake, na udongo kidogo. Inspekta alikuja akachuchumaa, akayasogeza kwa kalamu, akatazama chini yake. Alipapasa ardhi pale, akagonga kwa kisigino. Askari mmoja alishusha kitambaa usoni ili atapike, na tukaja kuambiwa baadaye kwamba uso wake ulikuwa wa kijana wa kawaida kabisa, wa kutoka mahali kama hapa, ambaye ungeweza kumwuliza anatoka kwa nani.

Ndani ya boma mama Lilian alikuwa ameanza kulia, na Saning'o alikuwa ameshikwa na watu wanne. Lango likafunguliwa. Wazito wakaingia, wakawatoa watu wote, wakawakalisha chini katika mstari mmoja. Hapo ndipo Inspekta Onesphory alipofanya jambo ambalo kwake lilikuwa heshima. Alimwendea Cleopa mbele ya mstari ule wote, akakusanya visigino, akampigia saluti.

"Asante, mzee," alisema. "Sasa tuonyeshe lile zizi la ndama."

Aliyekuwa analia alinyamaza. Mama Lilian aligeuka, akamtazama Cleopa kuanzia miguuni kwenda juu, taratibu, mpaka kwenye vifungo viwili vya koti. Saning'o aliacha kupambana na waliomshika. Ngoitiko ndiye aliyekuwa ameitunza siri ile, na sasa ilikuwa imetoka nje.

Cleopa alivua koti, akaliacha pale pale lilipoangukia, akatafuta jembe, akaingia katika zizi la ndama, akaanza kuchimba. Inspekta alitaka kumpa askari wa kumsaidia. Alikataa kwa kichwa. Alichimba kama mtu anayemtafuta mtu. Samadi ya miaka ilikuwa nene, juu nyepesi, chini imeshikamana kama tofali. Shimo lilifika magotini, likafika kiunoni. Ndama walikuwa wanalia kwa sababu hawajanyonya, na mama zao walikuwa wanajibu nje ya ua, na hakuna aliyeruhusiwa kuinuka kwenda kuwafungulia.

Katikati ya asubuhi askari walitoka nyumbani kwa Ngoitiko na lile gobore. Bado lilikuwa na kamba ya kibuyu shingoni. Cleopa aliinua kichwa kutoka shimoni. Inspekta aliligeuza, akachungulia ndani ya mtutu, akalilaza juu ya kipande cha turubai kwa uangalifu.

"Moja," alisema. "Zimebaki arobaini."

Jua lilipofika utosini shimo lilikuwa limemfika Cleopa kifuani. Alikuwa ametoa kengele moja ya ndama, mfupa, na udongo. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka, na mpini wa jembe uliteleza. Inspekta alikuja akasimama ukingoni, akatazama kwa muda mrefu, bila hasira.

Alisema wamezihamisha. Ndivyo wanavyofanya, hata kule Marekani walifundishwa hivyo, ukikosa kitu ujue umechelewa. Kisha akachuchumaa ili asisikiwe na wengine.

"Kuna maboma mengine kule Msowero, sivyo, mzee?"

"Kuna ng'ombe," Cleopa alisema. "Kuna watoto."

Inspekta alimtazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa anayeficha maumivu. Akaandika. Aliandika mistari minne au mitano, kwa maneno manne yaliyosemwa. Akatoa amri, Wazito wakapanda, turubai lenye gobore likapakiwa kwanza. Aliacha maagizo kwamba mwili usiguswe, gari lingine litakuja kuuchukua kwa ajili ya daktari, na huyu mwenye jeraha la paja naye atachukuliwa. Gari zito likageuka, likakanyaga majani, likashika njia ya Msowero.

Watu walibaki wameketi kwenye mstari wao hata baada ya vumbi kutulia. Mwishowe mama mmoja aliinuka akawafungulia ndama. Mzee wa paja walimfunga kwa shuka, wakampakia kwenye baiskeli ya Cleopa, wakaisukuma kuelekea Lugundi. Gari lingine halikuja saa saba, wala saa nane, wala saa tisa.

Cleopa hakutoka shimoni. Pengine hakuwa na nguvu ya kupanda. Pengine hakujua akitoka atasimama wapi. Karibu na saa kumi kivuli kilimwangukia. Alikuwa Saning'o, ana koleo. Cleopa aliinua mkono kidogo, kwa mazoea, maana kijana wa Kimasai akikutana na mzee huinamisha kichwa ili aguswe utosini. Saning'o hakuinamisha kichwa. Hakumwita mzee, hakumwita koplo. Alishuka shimoni, akapima ukuta wa udongo kwa mpini wa koleo, mara moja, mara mbili.

"Panua upande huu," alisema. "Baba alikuwa mrefu."

Cleopa akapanua.